Mtamba Mwekundu wa Misunkumilo

Bosi wangu, mtaalamu wa vinasaba ambaye hajawahi kufunga hata ndama kamba, alitaka kujua kwa nini kupe wale wale humuua ng'ombe mmoja na kumwacha jirani yake akicheua. Jibu, alisema, limo kwenye tofauti ndogo za vinasaba, zinazoamua kama jeni za kinga zitafanya kazi kwa nguvu au kwa uvivu. Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kubeba deli la barafu na kuitikia.

Morogoro hadi Tabora bosi alizungumzia jeni. Tabora hadi Mpanda alizungumzia mgongo wake. Tulilala Shanwe, pale pale Mpanda, kwenye nyumba ya wageni yenye friji moja, nikatoa soda za watu ili vibarafu vyetu vigande.

Saa moja asubuhi tulikuwa Misunkumilo kwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake wa nyama miaka mingi iliyopita. Bosi alifungua kompyuta juu ya boneti akaeleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza.

"Kwa hiyo nyie mnatafuta ng'ombe asiyeugua?"

"Kwa lugha nyepesi, ndiyo."

"Si huyo hapo." Alionyesha mtamba mwekundu. "Ndigana, ugonjwa wa kupe, ilimaliza wenzake, yeye hata kukohoa. Mama yake hivyo hivyo, ila wakwe walimchukua kwa mahari ya kijana wangu mkubwa."

Mchana ule wakwe wengine walikuwa wanakuja kuchagua ng'ombe wa mahari ya kijana wa pili. Wakwe huchagua wenye afya kuliko wote, na kuwakatalia bila sababu ni aibu. Kwa hiyo kila harusi huondoka na kinga ya zizi, na dhaifu ndio wanaobaki kuzaa. Bosi alikuwa amesafiri siku mbili kutafuta jambo kama hilo, na hakuliandika popote.

Badala yake alisema ng'ombe wa utafiti huchaguliwa kwa bahati nasibu. Tukapiga kura. Mtamba hakutoka.

"Na huyu mchomeni sindano," Mzee alisema. "Bila huyu, hakuna damu."

Bosi alinuna. Nilimnyoa mtamba shingoni, nikamtoa damu, nikamvalisha hereni ya njano.

Saa nane wakwe walifika, wazee watatu, wakaenda moja kwa moja kwa mtamba. Mkubwa wao akapapasa paliponyolewa.

"Huyu anaumwa nini?"

"Mimi sijui," Mzee alijibu. "Waulizeni madaktari."

Bosi angeweza kusema haumwi. Akakohoa kidogo. "Kwa sasa hatuwezi kusema lolote kwa uhakika. Tusubiri majibu."

Wakwe walitazamana, wakahamia kwa wale ambao hawajanyolewa. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Njia nzima ya kurudi bosi alilalamika kwamba wafugaji hawaelewi sayansi. Nilikumbatia deli langu, nikiona haya kwa niaba yetu. Tulikwenda kumtumia Mzee, naye akatutumia vizuri zaidi.

Hadi leo damu imo kwenye friza, inasubiri mashine itengenezwe. Mwezi uliopita Mzee alinipigia simu: mtamba amezaa dume, jekundu kama yeye. Nilimwomba radhi kwamba majibu bado.

"Wala msiharakishe," alisema. "Kijana wangu wa mwisho anaoa mwakani."