Mkono Ulionyoshwa Kituoni

Dereva huyu mstaafu haondoi gari mpaka abiria akae. Wiki nzima yeye na mkewe Anne-Marie walizunguka pwani ya Uingereza wakivuta karavani, kile kijumba cha magurudumu walichokikodi, na kila asubuhi alitazama kwanza kioo cha juu kinachoonyesha viti vya nyuma, ingawa mkewe alikuwa ubavuni pake, mkanda umefungwa. Kwenye taa nyekundu alinyoosha vidole vyake vinene kimoja kimoja, kisha akaushika usukani kwa mikono miwili. Miaka thelathini ya mabasi ya London haijamtoka.

Jumapili wakaingia Thamesmead, kitongoji chao cha London, kwenye mvua. Mgongo wa Anne-Marie ulikuwa ukililia kitanda cha nyumbani tangu Jumanne, na sasa ilibaki mitaa miwili tu. Kwenye kituo cha basi, bibi kizee mmoja asiyeona vizuri akanyoosha mkono. Gari likapunguza mwendo, likasimama taratibu, mlango wa nyuma mbele yake kabisa.

“Baba Plamedie,” akasema Anne-Marie kwa uchovu, “hili si basi.”

“Najua. Lakini ameshanyoosha mkono.”

Anne-Marie akashusha pumzi, akageuka kuondoa masufuria kwenye kiti cha nyuma. Mumewe, macho kwenye kioo, akangoja bibi akae.