Kitambaa Kisichoungua

Mama Fagio alifagia karakana ya wachomelea vyuma ya chuo cha ufundi miaka ishirini na miwili. Chuo kilipofungwa, akabaki na ufunguo wa karakana pale ukingoni mwa maji, kama mjane wa jengo. Siku walipokuja watu wa kuondoa sumu, wamejifunika nguo nyeupe toka utosini hadi miguuni, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nyie wanangu, mmekuja kusafisha au kurina asali?"

"Shikamoo mama. Tafadhali kaa mbali," alisema msimamizi wao.

"Marahaba. Mbali nikae mimi? Vumbi hili ndilo lililonipa mvi!"

Msimamizi hakucheka. Alinyunyizia maji kitambaa kizito cha kijivu, kile mafundi walichojikingia cheche, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya mfuko, akaufunga kama aliyemkamata nyoka.

"Hicho nacho kina nini?"

"Asbesto, mama. Ukivuta nyuzi zake zinaganda kwenye mapafu, hazitoki. Unaweza kukaa miaka thelathini ndipo uugue."

Kicheko kilimkauka. Kitambaa kama hicho kilikuwa jikoni kwake. Alikiomba kwa fundi mkuu, na kwa kuwa hakiungui, akakifanya cha kuipulia sufuria motoni. Na usafi wake, mtaa mzima ulikuwa shahidi: kila asubuhi lazima kikung'utwe, pa, pa, pa!

Hakuaga. Alikimbia na kandambili moja, msimamizi nyuma yake.

Bintiye alikuwa uani, kitambaa mkononi, mkono juu.

"Usikung'ute!"

"Makubwa! Mama, si wewe uliyenipiga kofi kwa kutokukikung'uta?"

Mama Fagio alimpokonya, akakizamisha kwenye ndoo ya maji.

"Umefanya vizuri kukiloweka," msimamizi alisema, akihema. "Mmekitumia muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja."

"Na mnakikung'utia wapi?"

Mama Fagio akanyoosha kidole dirishani.

Chini ya dirisha palitandikwa mkeka. Mjukuu wake wa miaka sita alikuwa amepiga magoti juu yake, ulimi nje kwa bidii, akichora jua kwa kidole kwenye vumbi la kizingiti cha dirisha.

"Bibi, njoo uone," alisema, akalipuliza jua lake ling'ae.