Mkono Chini ya Kidevu

Juzi mjukuu wangu alishika tama mezani pangu, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaupiga mkono wake ukaanguka. Alinitazama kama nimeingiwa na wazimu. Kumbe alikuwa akifanya kazi ya shule, kuyakata maneno marefu ya Kifaransa vipande vipande: unaweka mkono chini ya kidevu, unatamka polepole, na kila kidevu kinapougusa mkono, hicho ni kipande kimoja. "Ndivyo mwalimu alivyotufundisha, nyanya." Nikamwambia najua. Nilijua kabla baba yake hajazaliwa.

Wewe mwenzangu uliyekulia mtaa wetu wa Kibokoni utakumbuka wakati ule wa vita vya pili vya dunia, taa zikifunikwa na kila mgeni akitiliwa shaka. Chumba cha chini cha nyumba yetu bibi yangu alimpangisha mshoni wa Kingazija, mwanamke aliyesomeshwa Kifaransa huko Bukini, ndiyo Madagaska ya leo. Asubuhi, harufu ya mahamri ikipanda ngazi, alimfundisha binti yake kusoma. Nilichungulia nikawaona wote wawili mikono chini ya videvu: mal-heu-reu-se-ment. Haikupita wiki nikawa nimekaa nao. Neno lile, maana yake "kwa bahati mbaya", nilizunguka nalo mdomoni kama mabuyu.

Bibi hakuupenda mkono ule. Kwetu anayeshika tama anauita msiba, na baba yangu, mwanawe wa pekee, alikuwa baharia wa meli ya mizigo ambaye hatukuwa na habari zake tangu Ramadhani. Bibi alifukiza ubani ngazini. Alimchungulia mshoni kwenye upenyo wa dirisha, nami nikamchungulia bibi. Jirani mwenye duka la viungo alinong'ona kwamba huenda mwanamke yule anawahesabia maadui meli zetu. Hilo bibi alilicheka. Lake lilikuwa moja: "Yule yuwamlilia nani nyumbani mwangu?"

Siku aliponikuta nami nimeweka mkono kidevuni, aliupiga ukafa ganzi. Akateremka kumwambia mshoni ahame.

"Bi mkubwa, hili ni somo tu. Weka mkono, ulitaje jina la mwanao, utaona."

Bibi alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. Niliona haya, nilikasirika, lakini mimi pia shaka iliniingia. Siku nzima niliuficha mkono wangu ndani ya kanga.

Wakahama. Habari za baba hazikuja, hata vita vilipokwisha. Alasiri moja, nikitoka chuoni kusoma Kurani, nilimkuta bibi peke yake katika chumba kile kitupu. Mkono ulikuwa chini ya kidevu, na alikuwa akilitaja jina la baba polepole, kipande kipande. Niliondoka kinyumenyume nisimshtue.

Siku hizi chumba kile kinauza vinyago kwa watalii, na ngazi hazinuki ubani. Nilimtaka radhi mjukuu wangu, nikamwambia aendelee na somo lake.

Kisha nikamuuliza kama baba yake, aliye kazini Dubai, amepiga simu leo.