Wino Uliochelewa Kukauka

Mtaani walimwita Bi Hati, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Vyeti vya chuo cha ushonaji, kadi za harusi, tuzo za wastaafu, vyote vilipita chini ya kalamu yake katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya kuandikia. Mkono wake wa kulia uliandika herufi zilizosimama wima, zote kimo kimoja, kiasi kwamba hata aliyefaulu kwa kuponea chupuchupu alitamani kukitundika cheti chake sebuleni. Mkono huo ulifundishwa na baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Mwalimu mwenyewe alihakikisha.

Asubuhi hiyo Bi Hati hakutulia hata kidogo. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alichonga penseli ambazo hazikuhitaji kuchongwa. Jana jioni alikuwa amerudi nyumbani akamkuta binti yake mezani, mkono wa kushoto umefungwa kwenye kiti kwa tai ya kijani, mkono wa kulia unatambaa na penseli, mashavu yana michirizi ya machozi. Kando yake alikaa babu yake, mguu mbovu juu ya kigoda, akisema kwa upole kabisa, "Tena. Anza mstari upya."

Tai ile Bi Hati aliifahamu. Ndiyo iliyomfunga yeye alipokuwa na umri kama wa mtoto wake.

"Samaki mkunje angali mbichi," Mwalimu alimwambia alipomwona amesimama mlangoni. "Wewe mwenyewe ulikuwa mashoto. Nilikukunja, ukakunjika. Leo nani asiyejua hati yako?"

Na Bi Hati alifanya nini? Alisema, "Ndiyo, baba," akaenda jikoni kusugua sufuria iliyokwisha takata. Mtu mzima huyo, mama wa mtoto, mwenye meno thelathini na mawili mdomoni, na hakuna hata moja lililothubutu.

Tumwelewe kidogo. Mwalimu alihamia kwake baada ya kupasuliwa goti, na tangu hapo ndiye aliyebaki na mtoto mchana, kwa kuwa baba wa mtoto alifanya kazi mbali. Alimpikia uji, alimsomea, hata nywele alimsuka, vibaya lakini kwa moyo. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje kwamba anamuumiza mjukuu wake? Ila mtoto waliyemwita Chiriku, kwa sababu alisema tangu kucha hadi kuchwa, sasa alijibu ndiyo na hapana tu. Penseli alikuwa akizificha ndani ya viatu. Bi Hati aliujua ukimya ule, maana aliwahi kuishi ndani yake, na aliogopa kwamba ukikaa sana hautamtoka mtoto.

Mwenye duka aliingia na kichupa cha wino mkononi.

"Bi Hati, niangalizie hiki. Wakala anataka niagize katoni nzima. Kizuri chajiuza, anasema."

"Kama chajiuza, yeye anatembeza nini mlangoni kwako?"

"Ndiyo maana nimekuletea wewe," mwenye duka akacheka, akarudi mbele kwa wateja.

Bi Hati alifunga mlango kwa komeo. Aliiosha kalamu yake, akaivutisha maji na kuyatema mpaka yakatoka meupe, kisha akafungua kichupa. Wino ulikuwa mwekundu unaoelekea rangi ya machungwa, mkali, kama kaa lililopulizwa sasa hivi. Ulimchangamsha macho kabla hata haujagusa karatasi. Alijaza kalamu, akaihamishia mkono wa kushoto.

Hiyo ndiyo siri yake, na hata mumewe hakuijua. Mkono wa kulia ulikuwa wa wateja. Kila alipoletewa kalamu au wino wa kujaribu, alifunga mlango akaandika kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa, zilizolala ovyo, zisizomwogopa mtu. Kwa kawaida aliandika upuuzi: majina ya mboga, matusi madogo kwa wateja wasumbufu. Leo mkono ulianza wenyewe. Mfungue mtoto. Akaandika tena, chini yake, mfungue mtoto, mfungue mtoto, mpaka ukurasa ukajaa na pumzi ikampaa kama aliyepanda ngazi.

Wino mweusi na wa bluu wa duka lile ulikauka upesi, kabla kiganja hakijaufikia. Huu haukuwa na haraka. Ulibaki unameremeta juu ya karatasi, na mkono wa kushoto, ambao huandika ukiburuta nyuma ya maneno yake, uliupitia mstari baada ya mstari. Bi Hati alipouinua, ukingo wote wa kiganja, kuanzia kidole kidogo hadi kwenye kifundo, ulikuwa mwekundu.

Aliichana karatasi vipande vidogo, akaenda bombani. Akasugua kwa sabuni. Akasugua kwa limau, kisha kwa dawa ya meno aliyoiazima kwa mwenye duka.

"Umechinja?" mwenye duka akauliza.

"Bado," akajibu.

Wino ulififia kidogo tu, ukabaki hapo hapo. Alama hiyo, pale ilipokaa, baba yake aliijua kuliko mtu yeyote duniani. Kila asubuhi kwa miaka yake yote ya kufundisha, Mwalimu aliwapanga watoto mstari akawaambia wanyooshe mikono ya kushoto, akakagua kingo za viganja. Aliyekuwa na weusi wa penseli hapo hakuhitaji kuulizwa. Watoto walikuwa wakijilamba na kujifuta kwa sare wakiwa bado kwenye mstari, na binti wa Mwalimu alikuwa mmoja wao.

Siku nzima mkono uliishi mfukoni. Aliharibu kadi mbili za harusi, jambo ambalo halijapata kutokea. Jioni alijifunga leso kiganjani, akaona ni afadhali kudanganya kuhusu jeraha kuliko kuhusu wino, akashika njia.

Nyumbani alikuta yale yale. Meza, tai, mtoto, kiti.

"Umeumia?" Mwalimu akauliza, na kabla hajajibu, mzee alikwisha kuuvuta mkono na kuifungua leso, maana aliwafunga vidonda watoto wa watu wengi na hakuona sababu ya kumwacha wake. Akakigeuza kiganja kuelekea mwanga wa dirishani.

"Hii imefikaje hapa?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: chupa imemwagika. Uongo mzuri, mfupi. Lakini Chiriku alikuwa amekodolea macho ukingo ule mwekundu, kisha akautazama mkono wake mwenyewe uliofungwa, kisha akamtazama mama yake usoni. Bi Hati akashindwa.

"Nimeandika, baba. Kwa mkono huu."

"Tangu lini?"

"Sijaacha kamwe."

"Mimi nilikufundisha..."

"Ulinifundisha, na mkono wa kulia unanilisha, ahsante. Lakini ulinifunga mkono, baba, na mdomo nikaufunga mwenyewe. Sikukwambia kwamba nilikuwa nalia chooni. Sikukwambia kwamba nilikuwa nakuogopa. Huyu naye hatakwambia. Atakuogopa tu, kimya kimya, mpaka azeeke."

Aliinama akaanza kufungua tai, na kwa vile fundo la Mwalimu lilikuwa fundo kweli, ilibidi atumie meno. Hakuna aliyemsaidia. Tai ilipolegea, Mwalimu aliiokota, akasimama kwa shida, akaingia chumbani kwake bila mkongojo wake. Chakula cha jioni hakukigusa.

Kesho yake Bi Hati alifanya kazi kama aliyekalia moto. Alijiona amemvunjia heshima baba yake. Alijiona amechelewa mno. Akilini alimwona mzee akifunga virago, akamwona mtoto amefungwa tena, mara hii kwa hasira.

"Enhe, wino vipi?" mwenye duka akauliza.

"Unachelewa kukauka. Unachafua mkono, na hautoki."

"Basi nisiagize."

"Agiza," alisema Bi Hati. "Na kile kichupa kikate kwenye malipo yangu, nimekichukua." Akachukua mkoba akaondoka kabla ya saa, karibu mbio.

Mlangoni alisikia sauti, akasimama. Ilikuwa ya Chiriku, inatiririka bila nukta: paka wa jirani, mwalimu wa shule aliyepiga chafya, kwa nini wino ni mwekundu na damu je, babu, damu inaandika? Bi Hati alishika mwimo wa mlango, akasikiliza kwa furaha.

Tai ya kijani ilikuwa mezani, imelazwa mshazari, na daftari limewekwa sambamba nayo, limeinamia upande ambao hakuna shule inayoufundisha. Penseli ilikuwa katika mkono wa kushoto wa mtoto. Mwalimu alikuwa ameinama juu yake, miwani kwenye ncha ya pua, akisogeza kwa kidole kile kiganja kidogo.

"Chini ya mstari, siyo juu yake. Usiburute. Ndiyo hivyo, kiganja hakitachafuka. Nimejaribu mwenyewe tangu asubuhi." Kweli, karibu yake palikuwa na karatasi iliyojaa makwaruzo ya mtu mzima anayejifunza kuandika, na ukingo wa kiganja chake cha kushoto ulikuwa mweusi.

Alisikia hatua za binti yake, lakini hakuinua macho.

"Na wewe vuta kiti," alisema. "Mkono huo hakuna aliyewahi kuufundisha."

Bi Hati alivuta kiti, akakaa, akauweka mkono wake wa kushoto mezani mbele ya baba yake.