Chumvi ya Mama kwenye Tangi la Samaki

Mume wangu alipofariki aliniachia vitu viwili ambavyo sikuviomba: mama yake na tangi la samaki. Nasema hivi bila haya kwa sababu mwenyewe alijua. Tangi lilikuwa la kioo, refu kama sanduku la bibi harusi, na lilikalia upande mzima wa sebule yetu ya ghorofani hapa Mji wa Kale, pale pale nilipotaka kuweka kabati la vyombo. Miaka tisa nilidai kabati langu, na miaka tisa akanijibu, "Inshallah."

Alikuwa karani wa ghala moja huko Shimanzi. Akirudi jioni na vumbi la malori mpaka kwenye nyusi, aliwasalimu samaki kwanza, mimi baadaye. Walikuwa watatu: kitatange mmoja wa manjano, na wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Maji yao aliyafuata mwenyewe kwa tuktuk, na madumu manne, upande wa bahari kuu, wakati maji yamejaa. Ya upande wa Kibarani hakuyataka hata ya kusuuzia mchanga. Nilimwambia taka za kule zilishaondolewa zamani. Akasema, "Zimeondolewa zile unazoziona."

Jambo moja alihakikisha nimelijua. Joto letu na feni inayozunguka juu ya tangi hukausha maji kila siku, na kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi haiendi na mvuke. Inabaki pale pale, nyingine inaganda ukingoni mwa kioo kama ukoko. Kwa hiyo maji yakishuka chini ya utepe mweupe aliobandika, usiongeze ya bahari, ongeza maji matamu, tena si ya kisima chetu, maana visima vya huku vina chumvi yake, bali ya bomba, yale yanayouzwa kwa mkokoteni. Ukikosea, chumvi itapanda kidogo kidogo mpaka samaki washindwe kuvuta pumzi. Alinieleza haya mara nyingi, nami nilimsikiliza huku nikichagua mchele.

Alianguka kazini siku ya Jumanne asubuhi. Nilipoitwa, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba, mimi na mama yake tu. Watoto Mungu hakutujaalia.

Siku ya nne ya eda niliona maji yameshuka chini ya utepe, upana wa vidole viwili. Sikuwa nimefanya kitu chochote tangu mazishi. Chakula kililetwa, vyombo vilioshwa na wengine, hata nywele zangu nilichanwa. Nikainuka nikajaza birika maji ya mkokoteni, nikayamimina polepole kama alivyokuwa akifanya yeye. Kwa mara ya kwanza nikalia vizuri. Tangu siku hiyo nikajiwekea nadhiri kwamba samaki wake hawatakufa mikononi mwangu. Nikajifundisha na kile kipimo chake, kijidude kama darubini: unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unaelekea dirishani, unachungulia. Ndani kuna mstari unaosimama kwenye nambari. Alama thelathini na tano ndiyo bahari.

Sasa nieleze habari za mama mkwe wangu. Alikuwa mpishi wa harusi. Miaka arobaini hakuna pilau kubwa iliyopikwa mitaa hii bila yeye, na sifa yake ilikuwa chumvi. Wapishi wengine huonja. Yeye alisimama mbele ya sufuria, akaiangalia, akatia konzi zake, akafunika, akaondoka. Watu mia tatu wakala, asiombe mmoja chumvi mezani. Hata waliomchukia, na walikuwepo, waliukubali mkono wake.

Halafu presha ikamshika, daktari akamkataza chumvi. Kazi ya kumnyima ikawa yangu. Kila mchana ilikuwa vita. Alionja mchuzi, akaweka kijiko chini, akasema, "Mwanangu alioa mtu wa kupika dawa." Nami nilimjibu, sikuwa mtu wa kunyamaza. Mume wangu alikuwa akikaa katikati yetu, akila, akicheka. Baada yake hakukuwa na wa kucheka.

Mama hakulia msibani. Watu walilisema hilo, kwa sauti ya chini lakini walilisema. Alichofanya ni kuvuta mkeka wake baada ya sala ya alasiri, akaja kukaa mbele ya tangi mpaka magharibi. Aliniona nikimimina maji yangu, na siku moja akashindwa kuvumilia.

"Maji gani hayo?"

"Ya mkokoteni, Mama."

"Samaki wa bahari wawanywesha maji ya chai? Kila siku wawazimulia chumvi yao?"

"Mama, yaondokayo ni maji. Chumvi yabaki. Ndivyo alivyonambia mwanao."

"Mwanangu alikuwa karani," akasema. "Mwenye kujua chumvi ni miye."

Nikaona ni maneno yake ya kila siku, nikaendelea na kazi yangu.

Mwezi wa pili mstari ulianza kupanda. Thelathini na saba, kisha thelathini na tisa. Niliongeza maji matamu, ukatulia siku moja, ukapanda tena. Nikamgombeza mwenye mkokoteni kutoka dirishani, nikimwambia ananiletea maji ya kisima. Maskini, akaapa kwa Mungu chini pale barabarani. Nikahamia kwa mwingine, mambo yakawa yale yale. Mmoja wa wale wadogo akaanza kukaa pembeni anahema, na asubuhi ya Ijumaa nikamkuta amekufa, amenasa kwenye bomba la hewa. Nilimfunga kwenye kitambaa cheupe. Wacheke wanaotaka.

Nilikuja kuujua ukweli siku niliyokwenda juu darini kuanua nguo, nikarudi mapema kwa sababu ya manyunyu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Mama amesimama mbele ya tangi. Alichovya kidole, akakilamba, akasubiri na macho ameyafumba. Akatikisa kichwa. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la leso yake, akatoa chumvi, akasema bismillahi, akainyunyiza juu ya maji kwa ule mzunguko wa mkono ninaoujua, wa kwenye masufuria.

"Kula, babangu," akawaambia samaki. "Mkeo hajui chumvi. Mamako yupo."

Nilirudi nyuma nikakaa kwenye ngazi. Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mama alikuwa akimpikia mwanawe. La pili, ulimi wake ulikuwa umekufa. Maji yale yalishapita uchungu wa bahari, na yeye hakuusikia. Labda miaka yote ile ya kunisuta kuhusu mchuzi, hata ningeutia chumvi asingeisikia. Chumvi yenyewe alikuwa akiipata kwa kushusha kapu la kamba dirishani kwake mpaka dukani chini, kama tunavyoshushia mkate.

Sikumwambia kitu. Naomba nihesabiwe hilo, kwa sababu halikudumu. Wiki sita nzima, kila asubuhi akiwa katika uradi wake, nilichota jagi mbili za maji ya tangi nikazimwaga, nikarudishia jagi mbili za maji matamu. Jioni yeye anatia, asubuhi mimi natoa. Mstari ukashuka pole pole mpaka thelathini na sita. Kitatange akarudi kula. Mama akaona samaki wanachangamka, akaamini ni mkono wake, akaanza kula chakula changu bila vita, na usiku mmoja akaniita "mwanangu" bila kuongeza neno baya baada yake. Tulikuwa tunapatana, sisi wawili, kwa uongo wangu. Nafikiri zilikuwa siku nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo.

Eda ikaisha. Siku ya kutoka walikuja wanawake wengi, jamaa na majirani, wengi wao ni watu waliokula pilau ya mama kwenye harusi zao. Mimi nilikuwa sijalala. Asubuhi ile, kwa pilikapilika za wageni, sikuwahi kuchota jagi zangu, na mama, kwa furaha ya wageni, alikuwa ametia mara mbili. Kitatange alikuwa akienda upandeupande, ubavu juu. Nilikuwa nikimwona juu ya vichwa vya watu huku nikigawa kahawa.

Mgeni mmoja asiyejua mambo ya samaki akasema wamependeza, kwamba nimemtunzia marehemu amana yake. Mama akaweka kikombe chini.

"Si yeye," akasema. "Yeye awatia maji ya chai. Angewaua zamani. Ni mkono wangu huu."

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilisimama na birika la kahawa mkononi, nikasema mbele ya wote:

"Mama, ni wewe unayewaua. Kila siku watia chumvi, kila siku mimi naitoa kwa siri. Ulimi wako hauna ladha tena. Huijui chumvi."

Mama aliniangalia, si kwa hasira. Ningependelea hasira. Kisha akaivuta leso yake, akalifungua lile fundo, akaimimina chumvi yote kwenye sinia ya visheti, katikati ya wageni. Akainuka akaenda chumbani kwake.

Jioni ile nilibadilisha maji, na kitatange akasimama sawa. Nadhiri yangu niliitimiza.

Nilikwenda kumwomba radhi mama usiku huo huo, na kesho yake, na Ijumaa iliyofuata. Akasema amenisamehe, hakuna kitu. Lakini hakuja tena sebuleni kukaa. Mkeka wake akautandika chumbani. Na vita vya mchana vikaisha. Nilimwekea mchuzi chapwa, bila punje ya chumvi, akala wote. Nikauliza, "Umekolea, Mama?" Akasema, "Weye ndiwe ujuaye." Nilimchokoza makusudi, nikaunguza wali, nikatia ndimu kupita kiasi, nikingojea lile neno lake la mtu wa kupika dawa. Akala, akashukuru, akanawa.

Kinachonitafuna ni hiki. Wiki chache baadaye nilikuwa jikoni nachemsha supu ya mifupa, simu ikanichukua, niliporudi imekauka nusu. Nikaionja, ilikuwa chumvi tupu. Nikabaki nimesimama pale na kijiko. Hilo ndilo lile lile la tangi. Sufuria ikikauka chumvi huzidi, na njia ya kuiokoa ni kuongeza maji, si chumvi. Hakuna mtu Mombasa nzima anayelijua hilo kuliko mama mkwe wangu. Siku ile ya kwanza aliponiuliza maji gani hayo, ningemjibu, "Mama, ni kama supu inayokauka," angenielewa kabla sijamaliza. Angelisimamia tangi lile kuliko mimi. Nilikuwa na neno la jikoni, lugha yake mwenyewe, nami nikamletea maneno ya mume wangu na nambari za dirishani.

Nilikimbia chumbani kwake na kijiko mkononi, nikamweleza hivyo hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli," akasema. "Supu yenda hivyo." Akarudi kwenye tasbihi yake.

Sasa ni mwaka wa pili. Samaki wawili wapo, wanene. Mstari unasimama thelathini na tano, na ukitaka kuona maji ya tangi yaliyotunzwa, njoo kwangu. Kabati la vyombo silitaki tena.

Juzi alasiri nilichota maji ya tangi kwenye bakuli dogo la udongo, nikampelekea. Nikapiga magoti mbele ya mkeka wake. Nikasema, "Mama, kile kipimo sikiamini leo. Nionjee. Mkono wako ndio wa chumvi nyumba hii."

Alinitazama, akalitazama bakuli. Akapeleka kidole juu ya maji, akakirudisha, akakiweka ulimini, akafumba macho kama zamani.

"Yako sawa, mwanangu," akasema. "Wala usiongeze kitu."

Nilikuwa karibu naye sana, na niliona. Kidole hakikugusa maji. Nikamwambia ahsante, Mama, nikalichukua bakuli langu, nikarudi sebuleni.