Kilio cha Mzee Ngongo

Nyumbani kwetu Kimanga hatufugi mashetani, na hakuna mtu aliyeliliwa akiwa hai. Nimeyasikia hayo sokoni, tena kwa watu waliokula kwangu. Nilifundisha Kifaransa miaka ishirini na sita. Naweza kueleza jambo kwa utaratibu.

Mwanangu Ayoubu ni mwalimu wa hisabati. Kila Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri, hupokea rafiki zake wawili sebuleni: Noella, muuguzi, na Donatien, fundi wa simu. Wanacheza mchezo wa kusimulia. Ayoubu anaeleza mahali na hatari iliyopo. Kila mwenzake ana mtu wake wa kubuni na anasema mtu huyo anafanya nini. Dadu inaamua kama amefaulu. Ni hivyo tu.

Mwanzoni alitumia safari zilizokwisha kuandikwa, katika kitabu cha Kifaransa alicholetewa kutoka Bujumbura. Humo mlikuwa na theluji, majumba ya wafalme na majitu. Kitabu kilijua kila mlango, lakini hakikumjua Donatien, ambaye badala ya kuingia pangoni alitaka kuuza farasi. Ayoubu alipekua kurasa asipate jibu. Mtu wa Noella alipouawa na jitu, Noella alicheka, akachota karanga, akabuni mwingine.

Basi Ayoubu akaanza kuandika safari yake mwenyewe katika daftari. Aliniomba nimsimulie habari za zamani, nikamsimulia. Katika daftari hilo wachungaji walishuka na ng'ombe kutoka Mulenge kwenda ziwani, wakiongozwa na Mzee Ngongo, ambaye katika kila kivuko aliwahesabu wenzake na kujisahau mwenyewe. Noella ndiye aliyemchagua mzee huyo awe mtu wake. Karibu na Bwegera wakakuta mto umefurika. Mzee akashika kamba hadi wote wakavuka. Zamu yake ilipofika, dadu ikamkataa.

Noella akalia, tena machozi ya kweli. Donatien akaanza kumlilia mzee kwa sauti, akitaja wema wake mmoja mmoja, kama inavyofanywa msibani. Madirisha yalikuwa wazi.

Kwetu, ukisikia kilio kwa jirani huulizi kwanza. Unafunga kitenge, unakwenda. Kabla sijafika mlangoni, jirani yetu Mama Feza alikuwa uani na wanawake wanne wenye makaa na unga, na viti vilikuwa vinapitishwa juu ya ukuta.

"Mama Ayoubu, pole. Ni nani amekufa?"

"Hakuna muntu amekufa hapa," nikamjibu.

Noella akatokea nyuma yangu, macho mekundu. "Ni Mzee Ngongo, mama. Maji imemubeba."

"Ngongo gani? Wa kwa nani?"

"Wa mu daftari," akasema Donatien.

Mama Feza akatazama makaa yake. "Weye Donatien, minye nimeacha ugali ku moto sababu ya muntu wa mu daftari?"

Baadhi walicheka. Wengine waliondoka na unga wao na maneno yao.

Kesho yake akaja shemeji Yusufu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alimtaka Ayoubu achague: arudie kitabu cha Wazungu, ambacho hakimlizi mtu, au wageni wake watoke katika nyumba ya marehemu kaka yake Yusufu. Ayoubu anamheshimu baba yake mdogo. Jumapili iliyofuata daftari lilikuwa kabatini na theluji imerudi mezani. Walicheza kama wanafunzi wanaongoja kengele. Donatien hakuuliza hata bei ya farasi.

Shemeji alikuwapo, anakunywa chai, ameridhika. Nikaenda kabatini, nikaliweka daftari mbele ya mwanangu.

"Shemeji," nikasema, "mtu aliyewavusha wenzake ataliliwa katika nyumba hii. Hiyo si aibu."

Aliitazama picha ya kaka yake ukutani, kisha akaomba chai nyingine. Ayoubu akafungua daftari pale walipoachia, ng'ambo ya mto.

Sasa watu wananiuliza Mzee Ngongo alikuwa nani hasa, na kama marehemu mume wangu naye alikuwa na desturi ya kuhesabu watu. Sitasema.