Kapteni Niliyemchagua kwa Manukato

Jamani, hii nilitaka nife nayo kimya kimya, lakini kwa kuwa nusu ya Kariakoo wanaijua na nusu nyingine wanaijua vibaya, bora muisikie kwangu mimi mwenyewe mwenye aibu yangu.

Mimi Rehema kazi yangu ni kuuza tiketi za ndege kwenye kiofisi kimoja pale Mchafukoge. Baba yangu, Mzee Bakari, alitoka Masasi akiwa kijana, akafungua duka la mabegi ya safari Kariakoo, na mpaka leo yuko palepale. Amewauzia mabegi watu wanaokwenda Dubai, wanaokwenda China, mahujaji wa Maka, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga ndani ya ndege. Na mimi ndiyo hivyo hivyo, nawapandisha watu ndege kwa karatasi tu. Basi nikajiwekea akiba yangu, hata mama sikumwambia, nikaenda kujiandikisha kujifunza urubani. (Ndiyo, mimi. Mimi ambaye lifti ya ofisini kwetu huwa naipanda nimefumba macho.)

Pale chuoni kulikuwa na walimu wawili, na mwanafunzi mgeni alikuwa anaanza na kila mmoja kidogo, halafu anachagua wa kuendelea naye.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanaidi, mama mfupi, mtandio umefungwa vizuri, sauti ya chini mpaka uiname ndiyo umsikie. Nilifika nimependeza, nikijua leo napaa, kumbe mwenzangu ananiketisha ndani ya ndege iliyozimwa, ananiambia nifumbe macho, nishike kitufe kimoja kimoja na kukitaja jina. Nikakosea. Akasema, "Tena." Nikakosea. "Tena." Halafu akatoka nje, akatazama juu kwa muda, akarudi akaniambia, "Leo haturuki, mwanangu. Huu upepo si wa mgeni." Nilirudi nyumbani nimenuna hata salamu za watu siitikii.

Wa pili ndiye Kapteni Fredi. Jamani, Kapteni Fredi! Shati jeupe limenyooshwa, miwani ya jua, na manukato ambayo yanakufikia yeye mwenyewe bado yuko mlangoni. Hata sijakaa sawa tukawa angani, akaniachia usukani, akaniambia, "Rehema, wewe umezaliwa rubani!" Nikikata kona vizuri, "Safi sana!" Nikikata vibaya ndege ikayumba, "Safi sana!" Niliposhuka nilikuwa natembea kama ile ndege ni ya kwetu. Nikamchagua Fredi palepale, wala sikumuuliza mtu.

Basi mambo yote yalianzia hapo.

Baada ya masomo kadhaa nikamsimulia habari za baba. Akasema, "Mlete mzee! Kiti cha nyuma kipo. Tutampitisha usawa wa Jangwani aione Kariakoo yake kutoka juu." Sasa habari kama hiyo mtu mwenye akili anaipeleka nyumbani taratibu, mimi nikaimwaga palepale dukani, Mama Joshua akiwa amesimama. Mama Joshua ni jirani yetu, Mchaga wa Machame, anauza vitenge mlango unaotazamana na wetu, na ukimwambia yeye umeshautangazia mtaa. Mpaka alasiri walishakubaliana kwamba siku hiyo watapanda juu ya ghorofa, kila mtu na kitenge chake, wampungie Mzee Bakari akipita.

Siku ikafika. Baba akaja na suti yake ya Idi, amenyoa, na mkononi anaburuta begi jipya kabisa la magurudumu.

"Baba, tunazunguka tu tunarudi. Begi la nini?"

"Sasa mwanangu, nani anapanda ndege mikono mitupu?"

Akapanda nalo, akalipakata.

Tulipopaa baba alikuwa anacheka peke yake kama mtoto, na mimi moyo umejaa, nikawaza hata nikifa leo nimeridhika. Ndipo Fredi akaniambia, "Leo utaongea mwenyewe na mnara wa kuongozea ndege. Unaweza!" Wakati sijawahi kufanya hivyo hata siku moja. Pale kwenye usukani kuna kitufe, ukitaka kuongea unakiminya, ukimaliza unakiachia ndiyo unasikia wenzako. Nikaminya, nikasema maneno yangu, nikamaliza, lakini kidole hakikutoka. Kilikakamaa palepale na mimi sina habari.

(Kwa msiojua: rubani mmoja akikiminya asikiachie, amewaziba midomo wote. Mnara hauwezi kumwambia mtu kitu. Kila aliye angani anamsikiliza yeye tu.)

Upepo ukaanza kuturusha. Baba akaniinamia sikioni akapaza sauti, "Rehema, hiki kitu kutikisika hivi ni kawaida?"

"Kawaida, baba."

Ndege ikadondoka kidogo.

"Kapteni, naomba ushushe kioo."

"Mzee, hakishuki hiki."

"Basi simamisha pembeni nishuke mara moja!"

Halafu nikasikia zipu ya begi inafunguliwa, mzee wa watu akaingiza kichwa chote humo ndani kutapika, na akitoka kupumua anasoma dua, akimaliza anarudi. Mimi ndiyo nikachanganyikiwa kabisa, nikaanza kulia kwa sauti: "Baba nisamehe! Huyu nimemchagua kwa sababu ananukia vizuri! Yule mama ndiye alikuwa ananifundisha, mimi nikamwona anachosha! Baba usife!"

Kapteni Fredi akasema kama anajiongelesha, "Ajabu, leo redio imetulia. Hakuna hata mtu anayeongea." Ndipo macho yake yakashuka kwenye usukani.

"Rehema. Toa kidole."

Nikatoa. Masikioni ikaingia sauti ya mnara, imetulia kama ya muuguzi: "Asante. Ninyi rudini sasa hivi, njia ni yenu. Na mzee tunampa pole." Rubani mwingine, sijui yuko wapi huko, akadakia, "Pole sana mzee." Na mwingine tena, "Pole mzee wetu." Kumbe kuna ndege nzima ya abiria imezungushwa huko juu ikisubiri mimi ninyamaze.

Tulipotua, Fredi akanipiga begani akasema, "Usijali bwana! Ulikuwa safi sana!"

Hapo ndipo nilipopatwa na hofu kubwa kuliko kule juu.

Bi Mwanaidi alikuwa ameshafika kiwanjani, kumbe naye alitusikia kwenye redio. Alimshika baba mkono, "Pole kaka yangu, kaa hapa," akampa maji, akakaa naye mpaka rangi ikamrudia usoni. Halafu akanigeukia. "Umekosea, Rehema. Kuna watu walikuwa hatarini kwa sababu yako." Nikalia upya, lakini kilio cha safari hii kilikuwa kinanipunguzia mzigo.

Sasa Kariakoo. Kuna mtu mwenye redio pale kiwanjani alikuwa amerekodi kila kitu, na sauti hiyo ikatumwa kwenye simu, ikatutangulia kufika. Nilijua hilo mara tu bajaji iliposimama, maana watu wote wa mtaa walikuwa pale na Mama Joshua alikuwa anaficha simu chini ya kitenge. Baba hajui lolote. Akashuka, akanyoosha suti yake, akasema kwa sauti:

"Niliwaona! Wote niliwaona mnapunga!"

Wakati Jangwani hatukufika, na yeye alikuwa ndani ya begi. Wao walikuwa wamelipungia lile dege la abiria lililokuwa linazunguka.

Nikatamani ardhi inimeze. Mama Joshua akasogea mbele.

"Na kitenge changu cha njano, mzee, ulikiona?"

"Hicho ndicho nilichokiona cha kwanza."

"Ndiyo maana. Nimekipunga mpaka bega linauma." Akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuicheza ile sauti mbele ya baba. (Mbele yangu wanaicheza kila siku, na wateja wananiuliza leo nanukia nini.)

Tulipokuwa tunafunga duka, baba akaniambia polepole, "Sikuona kitu, mwanangu."

"Najua, baba."

"Ila nilikusikia unavyolia. Mtu anayekusifu huku unakosea usimfuate tena. Hata nikiwa mimi."

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa Bi Mwanaidi kabla yeye hajafika, na hapa mbele yenu naapa, mwalimu atakayeniambia "safi sana" siku nimeharibu nitamshukuru, nitamuaga, nitaondoka. Baba naye siku hizi nikirudi kutoka mafunzoni haniulizi nimepaa wapi. Ananisogezea kiti, anauliza, "Leo umekosea nini?" Namtajia, naye anasikiliza mpaka mwisho.